Kusomea Ujasusi Bila Kumsikiliza Mama wa Kijijini

Kila matokeo ya KCSE yakitoka, inboksi yangu inajaa swali moja: "Bro, kozi ya siasa za kimataifa na ujasusi iko poa?" Wengi washajiona na suti, miwani nyeusi na gari la vioo vya giza. Mimi hiyo kozi nimeisoma semesta tatu kabla karo haijanikatisha, sasa niko huku Marereni natengeneza video. Wacha niwaambie bila kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kozi yenyewe si mbaya. Ubaya ni vile inavyouzwa na vile inavyofundishwa. Nimesoma Vita Baridi, CIA na KGB, mpaka Berlin nikaijua kama nimezaliwa huko. Kilifi sikuisikia darasani hata siku moja. Na ni Kilifi ambako usalama wa Kenya ulianguka mtihani mkubwa.

Nazungumzia Shakahola. Machi 2023 yule mhubiri alikamatwa kuhusu vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana. Aprili makaburi yakaanza kufukuliwa msituni. Miili ikahesabiwa mpaka ikapita 400. Mwaka uliofuata, tume ya haki za binadamu, KNCHR, ikasema wazi: maafisa wa usalama wa Malindi walipewa taarifa za kuaminika mapema, wakazembea.

Hebu soma hiyo tena. Taarifa zilikuwepo! Hakukuhitajika setilaiti wala kudukua simu ya mtu. Darasani tulifundishwa hatua: kusanya habari, zichambue, zifikishe kwa mwenye uamuzi, achukue hatua. Ile ya kwanza wananchi waliifanya bure. Waliokwama ni wale wanaolipwa mshahara.

Utaniambia hilo ni kosa la maafisa, si la vyuo. Sawa bana, lakini maafisa wa kesho wanatoka wapi? Ni wewe unayeniandikia inboksi. Ukifundishwa miaka minne kwamba habari ya maana inatoka ubalozini ama kwa kompyuta, siku mama wa Kigiriama akija ofisini kwako na kilio chake utamwambia arudi kesho.

Halafu kuna hofu. Wazee wetu waliwajua majasusi kwa jina la Special Branch, na vyumba vya mateso vya Nyayo House. Sheria ya 1998 ikaleta NSIS, ile ya 2012 ikaleta NIS. Jina hubadilishwa bungeni. Hofu inabaki nyumbani kwa watu, na mtu mwenye hofu hakwambii kitu.

Na siasa za kimataifa je? Hapo Ngomeni, majirani zetu, Italia ilianza kurusha setilaiti kutoka baharini mwaka wa 1967. Moja iliitwa Uhuru, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya uhuru. Bahari yetu, roketi ya Marekani, mradi wa Italia, mkataba wa serikali kwa serikali. Mvuvi wa Ngomeni alipata nini? Hilo ni swali la mtihani kabisa, na hakuna mhadhiri aliyetuuliza.

Kwa hivyo kabla mzazi wako hajauza mbuzi, uliza: kozi inakutoa nje kwa watu ama ni slaidi tu? Inafundisha sheria ya NIS na haki za raia? Na ujue mapema, cheti cha ujasusi si tiketi ya kuingia NIS.

Vyuo navyo, leteni wanafunzi Magarini mwezi mzima. Wakae na wachota chumvi, wavuvi, watu wa boda, kina mama wa sokoni. Anayeshindwa kuaminiwa na hao asipewe digrii ya ujasusi. Tukiendelea hivi, siku nyingine watu watasema tena, na sisi tutafika tena na majembe ya kufukua.