Kabla ya leseni ya dhahabu, tuulize tope litawekwa wapi

MJADALA kuhusu dhahabu ya Isulu na Bushiangala katika Kaunti ya Kakamega umetawaliwa na fidia, ajira na mgao wa mapato. Ni masuala mazito. Hata hivyo, lipo swali ambalo halisikiki sana: tope litawekwa wapi?

Mwamba husagwa ukawa unga, kisha ukachanganywa na maji na kemikali, mara nyingi sayanaidi. Dhahabu inayopatikana ni gramu chache kwa kila tani. Kinachosalia ni tope, ambalo kwa desturi humiminwa bwawani, kuta zikiinuliwa kadiri linavyojaa. Ukuta wa hatari zaidi ni ule unaoinuliwa juu ya tope lenyewe. Ndivyo ulivyojengwa ule wa Brumadinho, Brazil, uliobomoka Januari 25, 2019 na kuua watu 270. Karibu nasi, bwawa lilipasuka Chambishi, Zambia, Februari 18, 2025. Maji yenye asidi yakaingia Mto Kafue na wakazi wa Kitwe wakakatiwa maji.

Njia salama zaidi si ngeni katika eneo letu. Mgodi wa Bulyanhulu nchini Tanzania, uliofunguliwa 2001 na ambao huvuta maji kutoka Ziwa Victoria, ulianza kwa kupunguza maji ya tope hadi likawa mithili ya uji ulioganda. Maji yalirejeshwa kiwandani. Sehemu ya tope ilichanganywa na saruji kujaza mashimo ya chini, nyingine ikarundikwa juu ya ardhi.

Kwingineko, kama vile Chile, vichujio vya shinikizo hulikamua likatoka kama udongo mbichi, likashindiliwa tabaka kwa tabaka. Rundo la aina hiyo si rahisi kufurika kijiji kama bwawa.

Wawekezaji hulalamikia gharama ya mitambo na umeme, na hawasemi uongo. Isitoshe, Kakamega si jangwa la Chile: mvua ya huko hulowesha rundo lisilofunikwa wala kuchimbiwa mifereji, na mito yake huishia Ziwa Victoria.

Kwa hivyo NEMA isikubali ripoti inayotaja "bwawa la kisasa" pasipo maelezo. Wakazi waelezwe, kwa lugha wanayoielewa, ukuta ni wa aina gani, maji kiasi gani yatarejeshwa, mkaguzi huru ni nani, na nani atalilinda tope hilo mgodi utakapofungwa.