V8 kijijini si sifa, ni ushahidi

Wasee, Jumamosi iliyopita tulikuwa na mazishi hapa Itumbe. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wetu mnaujua, ukilowa unateleza kama sabuni. Nilienda na Probox, tumebanana hadi msee mmoja akagawana kiti na dereva. Kufika mlimani tukashuka, tukasukuma. Viatu vyangu vya kanisani viliishia hapo.

Tukiwa bado tunasukuma, mheshimiwa akapita na Land Cruiser nyeusi, vioo vimefungwa, akaturushia matope. Unajua tulifanya nini? Tulishangilia. "V8! V8!" Na mimi nikiwemo, matope hadi kwa magoti.

Jioni nikaanza kujicheka. Kwanza, ile haikuwa V8. V8 ni injini ya silinda nane, nne huku na nne kule, zimekaa kwa umbo la V. Ile ilikuwa Land Cruiser 300, iliyotoka 2021, na Toyota waliiondolea V8 wakaiwekea V6 yenye tabo mbili. Tunashangilia jina la injini ambayo haimo.

Lakini kilichoniuma zaidi ni historia yenyewe. Mwaka wa 1951 Toyota walitengeneza gari la kazi, wakaliita BJ. Mwaka huo huo lilipanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita, na polisi wa Japani wakaagiza yao. Jina Land Cruiser likaja 1954. Yaani tangu siku ya kwanza, hili ni gari la mahali ambapo hakuna barabara.

Land Cruiser 40 ya 1960 ilikuwa na springi za mabamba ya chuma, kama za lori. Ukiingia shimo, mgongo wako unapata habari. Halafu kila kizazi kikaongeza raha. Ile 80 ilipewa springi za koili kwa magurudumu yote manne. Ile 100 ya 1998 ikaleta V8, na mbele kila gurudumu likaanza kucheza kivyake. Ile 200 ya 2007 ndiyo iliyotia jina "V8" mdomoni mwa kila Mkenya. Wakati huo 70, iliyoanza 1984, bado inatengenezwa na nyuma bado ina mabamba yake. Hiyo ndiyo pikapu unayoona polisi wakipanda.

Sasa unganisha. Kadiri gari lilivyozidi kuwa la kifahari, ndivyo aliye ndani alivyozidi kutosikia shimo. Mheshimiwa anapita barabara ile ile yetu, lakini mwili wake haujui. Wa Probox anajua. Mama mjamzito kwa bodaboda anajua. Wa kubeba ndizi na majani chai anajua.

Ndiyo maana nasema V8 kijijini ni ushahidi. Kiongozi akihitaji gari la kupanda milima ili afike kwa wapiga kura wake, tayari amekiri kwamba barabara haipo. Na sisi tunampigia makofi kwa hilo!

Kuna wakati serikali ilijaribu. Kwa bajeti ya 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha, mawaziri waliambiwa watumie magari ya injini isiyozidi sisi 1800, na Volkswagen Passat zikaletwa. Passat iko chini, bana. Hiyo ingewafundisha mashimo ya nchi hii moja baada ya jingine. Angalia misafara ya leo uniambie kama somo liliingia.

Utasema nina wivu. Sawa, ninao. Nikiomoka nitanunua Land Cruiser, tena ile 80, na sitaomba msamaha. Pesa yangu, gari langu. Lakini anayelipiwa mafuta na kodi ya mama anayeuza mboga sokoni hafai kushangiliwa kwa kupita tu.

Mazishi mengine hayako mbali, hiyo ndiyo Kisii. Mheshimiwa akija, sitapiga kelele. Nitamsalimia kwa heshima, kisha nimwombe kitu kimoja: akirudi, aache V8 pale na apande Probox na sisi hadi barabara ya lami. Akae katikati.

Nyinyi je, mngemwomba nini?