Mwalimu Aliye Mkimbizi

Twataka kuwakumbusha habari ya Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 katika Mkoa wa Kigoma kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Watu hao hawakukaa bure. Walimu waliokimbia pamoja nao waliwakusanya watoto, wakawafundisha kwa taratibu za shule za kwao, pamoja na Kifaransa, ili siku ya kurudi wasiwe wageni katika nchi yao wenyewe. Lakini mwalimu mkimbizi hupewa posho kidogo tu, naye ana watoto wa kulisha. Akiliacha darasa ili atafute riziki, nani atawafundisha? Basi, tutoapo madaftari na chaki, tumkumbuke na yeye aishikaye chaki.