Vita vya Panzi, Furaha ya Kunguru: Nani Hulipa Nchi Ijitoapo katika Jumuiya?



Kila msimu wa kahawa unapokaribia, maneno yale yale husikika sokoni, vilabuni na hata nje ya kanisa baada ya ibada: "Jirani zetu wanatunyonya. Tanzania ijitoe katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ifunge mipaka, kila mtu ale cha kwake." Msemaji hupigiwa makofi. Sisi wa Haki na Amani hatupigi makofi. Twasema kwamba anayenena hivyo ama hajui yaliyotupata zamani, ama ayajua vema na atarajia kufaidika yakirudi.

Jambo hili si la wakubwa wa Arusha na Dodoma peke yao. Wilaya zetu za Karagwe na Kyerwa zimepakana na Rwanda upande wa magharibi na Uganda upande wa kaskazini, na mto Kagera ni ukuta wetu na pia ni mlango wetu. Mtu wa Singida akisikia mpaka umefungwa, amepata habari. Mtu wa Nyakakika akisikia hivyo, ameguswa mfukoni.

NYUMBA ILIYOVUNJIKA MWAKA 1977

Wazee wetu wanakumbuka. Mkataba wa Jumuiya ya kwanza ulitiwa saini Kampala mwezi Juni 1967. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na reli moja, bandari chini ya shirika moja, posta moja na shirika moja la ndege. Miaka kumi baadaye nyumba hiyo ilikuwa magofu. Tangu Idi Amin alipotwaa madaraka kwa nguvu Januari 1971, wakuu wa nchi tatu hawakuketi tena pamoja katika meza ya Jumuiya. Mwezi Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na ilipofika Julai mwaka huo Jumuiya ilikuwa imekufa.

Tuseme kweli: malalamiko ya Tanzania yalikuwa na msingi. Viwanda vingi vilikuwa Kenya. Sisi na Uganda tulinunua kwao kuliko tulivyowauzia. Mkataba wenyewe ulikiri hivyo, ukaweka kodi maalumu ya kuvilinda viwanda vichanga, na Benki ya Maendeleo iliyoagizwa kupeleka sehemu kubwa ya mikopo yake Tanzania na Uganda. Dawa hizo hazikutosha. Lakini je, kuvunja nyumba kuliponya ugonjwa? Viwanda havikuhama Nairobi kuja Bukoba kwa sababu mpaka umefungwa.

Mpaka huo ulifunguliwa tena Novemba 1983. Kwa zaidi ya miaka sita, mchuuzi wa Namanga na wa Holili alihesabiwa kuwa mhalifu kwa kufanya alichokifanya baba yake mchana kweupe. Kila nchi ilibidi ianzishe shirika lake la ndege na kuendesha reli yake, kwa gharama yake. Mgawanyo wa mali na madeni haukukamilika mpaka mapatano ya mwaka 1984, baada ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Na wale wafanyakazi wa reli, posta na bandari walioitumikia Jumuiya? Madai ya mafao yao yalikuwa bado mahakamani hapa Tanzania katika miaka ya 2000. Wengine walikwisha kuzikwa. Hiyo ndiyo hati ya gharama ambayo hakuna aliyeisoma hadharani siku mpaka ulipofungwa.

Miaka ile sabuni, sukari, mafuta ya taa na khanga vilitafutwa kama dawa. Si haki kusema kwamba kuvunjika kwa Jumuiya peke yake ndiko kulikoleta dhiki hiyo. Vita vya 1978 na 1979, vilivyopiganiwa kwanza katika mkoa wetu huu, bei ya mafuta, ukame, na makosa ya sera zetu wenyewe, yote yalichangia. Lakini dhiki ilipotufika, mlango wa jirani ulikuwa umefungwa kwa mkono wetu wenyewe.

KUNGURU NI NANI?

Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Mataifa yanapogombana, biashara haifi. Bidhaa huacha kuvuka mchana, zikavuka usiku. Na usiku una mabwana zake.

Tazameni mfano wa kahawa. Mwaka 1975 baridi kali iliteketeza mibuni ya Brazil, na bei duniani ikapanda mno hadi 1977. Mkulima wa Uganda chini ya Amin alilipwa kidogo, hivyo kahawa yake ikavushwa kwa magendo kuingia Kenya, na soko dogo la mpakani la Chepkube likavuma kila mahali. Walijengwa matajiri pale. Lakini wengi wao hawakuwa na shina hata moja la mbuni.

Sisi nasi twaujua mchezo huo. Twaijua butura, yaani kuuza kahawa ikingali ua mtini kwa sababu ada ya shule imefika au mtoto amelazwa. Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme ng'ambo ya mto kilo inauzwa shilingi kumi na huku shilingi saba. Mkulima huambiwa kwamba magendo yatampa kumi. Uongo! Katika zile tatu zilizozidi, ana fungu lake mwenye pikipiki, ana lake mwenye mtumbwi, ana lake anayefumba macho njiani, na linalobaki ni la mlanguzi. Mkulima aliyekwisha kuuza kwa butura hapati hata zile saba. Pengine amepata nne, nazo alizila tangu mwezi wa ada.

Na lililo baya kuliko bei ni hili: aliyeuza gizani hana pa kulalamika. Hana stakabadhi. Mizani haikukaguliwa na mtu. Akipunjwa, atamshitaki nani, ilhali yeye mwenyewe ni mshiriki wa kosa? Nabii Amosi aliwakemea wanaopunguza kipimo na kudanganya kwa mizani. Kila mpaka unaofungwa humpa mpunjaji huyo mahali pa kujificha. Ndiyo maana tunasema suala la Jumuiya ni suala la haki kabla halijawa suala la biashara.

WALIOJITOA WENGINE

Atasema mtu: mbona Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 na mbingu hazikuanguka? Ni kweli. Lakini tulitoka kwa taarifa, hatukufunga mpaka hata mmoja, na tulibaki na uanachama wa SADC na wa Jumuiya yetu. Hata hivyo, Kenya na Uganda zilibaki COMESA, hivyo jirani wa nyumba moja wakawa na ahadi tofauti za ushuru kwa watu wa nje. Mwaka 2015 huko Sharm el-Sheikh, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotia saini mkataba wa kuziunganisha kibiashara jumuiya hizo tatu. Aliyetoka kwa mlango wa mbele alirudi kubisha hodi mlango wa uani.

Uingereza nayo ilipiga kura mwaka 2016 kujitoa Umoja wa Ulaya, ikatoka Januari 2020. Ilipata mapatano ya biashara bila ushuru, lakini makaratasi ya forodha na ukaguzi wa vyakula vilirudi. Kampuni kubwa huajiri mawakala wa kuyajaza makaratasi hayo, lakini mwenye duka dogo huacha kuuza ng'ambo. Na Januari 2025 Mali, Niger na Burkina Faso zilijitoa rasmi ECOWAS. Nchi hizo tatu hazina bahari, na mizigo yao hutegemea bandari za jirani. Je, atakayebeba mzigo wa mashaka hayo ni jenerali, au ni mama mwenye kapu la vitunguu?

TUNADAI NINI?

Hatuisifu Jumuiya ya leo kama kitu kitakatifu. Iliyozaliwa upya kwa mkataba wa 1999 ina umoja wa forodha tangu 2005 na soko la pamoja tangu 2010, lakini vikwazo havijakoma. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa hoja ya sumukuvu, na malori yakakwama mpakani. Jirani mkorofi yupo. Lakini katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo za Kikristo, wawili wakikosana hatuichomi nyumba tunamosalia. Tunawaketisha.

Kwa hiyo tunadai, kwanza, kwamba ugomvi wa biashara upelekwe penye sheria. Ipo Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, na mkataba unamruhusu hata raia wa kawaida kupeleka shauri lake huko.

Pili, asiwepo mtu wa kututoa kwa hasira ya jukwaani. Mkataba wa 1999 unataka azimio la Bunge kwa theluthi mbili ya wabunge wote, na taarifa ya miezi kumi na miwili. Mwaka 1977 hakuna mkulima wa Karagwe aliyeulizwa. Mbunge atakayetuomba kura na atuambie wazi atasimama wapi.

Tatu, vyama vya msingi vimlipe mkulima kwa wakati. Kiongozi wa ushirika anayechelewesha malipo humsukuma mwanachama wake mikononi mwa mlanguzi, kisha humlaumu kwa kuanguka.

Nne, nasi tujirekebishe. Mchuuzi mdogo ajue kwamba bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zaweza kupata cheti rahisi cha uasili na kuvuka bila ushuru wa forodha, akitimiza masharti mengine ya nchi. Viongozi wa walei wamsindikize mara ya kwanza hadi ofisi ya forodha ya Murongo, asitishwe na madalali. Na muumini mwenye fedha anayenunua butura ya jirani yake mwenye njaa, kisha Jumapili akaleta sadaka, ajiulize sadaka ile ni ya nani.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Katika kigango chetu, ni nani aliyeuza butura mwaka huu, na kwa shida gani? Tungeweza kumkopesha nini?

2. Wazee watusimulie: mipaka ilipofungwa, nani alitajirika hapa kwetu, na nani aliuza shamba?

3. Mtu akisimama kesho kusema "tujitoe", tutamuuliza swali gani kabla ya kumpigia makofi?