TUJUE WANYAMA: Elki wa Benezette

Mwezi huu twende Marekani, katika jimbo la Pennsylvania. Huko kuna kijiji kiitwacho Benezette. Kila mwaka, miezi ya Septemba na Oktoba, majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika. Wakati huo watu wengi huenda Benezette, wengine kwa siku moja tu. Wanakwenda kumtazama elki.

Elki ni mnyama wa porini anayekula majani. Dume huweza kufikia kilo 300 au zaidi. Pembe zake zina matawi kama mti. Kila mwaka pembe hizo huanguka, kisha huota nyingine.

Watazamaji hufika alfajiri au jioni, kwa sababu mchana elki hupumzika msituni. Huu ndio wakati wao wa kupandana. Dume hulia kwa sauti kali kama filimbi. Huwaita majike na kuwatisha madume wengine. Madume wakikutana, huweza kupigana kwa pembe. Kwa hiyo watu husimama mbali. Kuwalisha elki ni kosa kwa sheria.

Zamani elki walikuwa wengi huko. Watu wakawawinda bila mpango na kukata misitu. Kabla ya mwaka 1900 elki wote wa Pennsylvania walikuwa wamekwisha. Mwaka 1913 serikali ya jimbo ilianza kuleta elki wengine kwa treni. Wengi walitoka Yellowstone, mbali sana upande wa magharibi. Mpaka mwaka 1926 walikuwa wameletwa 177.

Kisha ikaja shida. Elki waliingia mashambani, wakala mazao. Wakulima walikasirika, wakawapiga risasi. Elki wakabaki wachache sana.

Je, nani alikuwa na haki? Mkulima anataka mavuno yake. Mnyama naye anataka kula.

Baadaye ilipatikana njia. Nyasi zilipandwa mahali palipokuwa pamechimbwa makaa ya mawe, ili elki wapate malisho yao. Mashamba yalizungushiwa ua. Tangu mwaka 2001 wawindaji wenye kibali huruhusiwa kuua idadi iliyopangwa tu.

Leo elki hao ni zaidi ya 1,000. Wageni wanaokuja kuwatazama hununua chakula na petroli, na wenyeji hupata fedha.

Kuwamaliza wanyama ni rahisi. Kuwarudisha kulihitaji treni, fedha na miaka mingi.