Msiilaumu Intaneti, Mlango Ni Mmoja

Jamani, kuna jambo linanikera na leo nalisema wazi. Faili zikichelewa kufunguka ofisini, meneja anakimbilia simu, anapigia kampuni ya intaneti na kulipia kasi zaidi. Wiki inayofuata kilio ni kile kile.

Niliitwa kwenye ofisi moja ya namna hiyo hapa Nairobi. Wafanyakazi 40, wakiwa papo hapo ofisini, wanaingia kwa Remote Desktop kwenye seva moja, nayo inachota faili kutoka seva ya pili iliyo chumba hicho hicho. Zote ni Windows Server 2003. Ikifika saa tatu asubuhi, kazi inasimama. Kijana wa IT alikuwa ameshapewa barua ya onyo.

Sasa nisikilizeni. Hao watu 40 hawana njia 40 za kufikia faili. Windows hiyo inawapitisha wote kwenye muunganisho mmoja wa TCP. Na itifaki ya SMB ya kwanza, isiporekebishwa, inakubali maombi 50 tu yanayosubiri jibu kwa wakati mmoja. Hata folda uliyoiacha wazi ukaenda kunywa chai inashika nafasi, ikingoja kuambiwa kama kuna kilichobadilika. Nafasi zikijaa, wengine wanapanga foleni. Intaneti inaingilia wapi hapo? Faili hazitoki hata nje ya jengo!

Wajuaji watasema: ongeza MaxMpxCt kwenye seva. Kweli, foleni inaweza kupungua. Lakini huko ni kupaka rangi nyumba iliyoliwa na mchwa. Microsoft iliacha kuihudumia Server 2003 Julai 2015, na Mei 2017 WannaCry ilienea duniani kupitia udhaifu wa SMB hiyo hiyo ya kwanza.

Dawa ipo tangu 2006. Kwenye SMB 2, seva yenyewe hugawa nafasi za maombi kulingana na uwezo wake. SMB 3 ya 2012 inaweza hata kutumia miunganisho kadhaa kwa pamoja. Ila badilisheni seva zote mbili. Moja ikibaki ya zamani, hazitaweza kuongea lugha mpya.

Meneja, kabla hujasaini hundi nyingine ya intaneti, uliza: watu wangu wanapita milango mingapi? Yule kijana alikuwa ameomba seva mpya mara mbili, kwa maandishi. Anadaiwa nini huyo? Yeye ndiye anayedai: aombwe radhi.