Kifaa Kiundwe na Wanafunzi Wenyewe

Ndege isiyo na rubani kuachia mzigo kutoka angani si jambo geni tena katika Afrika. Nchini Rwanda, tangu Oktoba 2016, ndege za kampuni ya Zipline zimekuwa zikipeleka damu hospitalini bila ya kutua; mzigo huteremka kwa mwavuli. Mwalimu wa fizikia anayetaka kulileta jambo hilo shuleni, droni ndogo ipae na kudondosha yai lililofungwa mwavuli wa nailoni, ana njia mbili: kununua kifaa cha kuachia mzigo kilichokwisha tengenezwa, au kuwapa wanafunzi kazi ya kukiunda. Njia ya kwanza ni nyepesi, nayo ndiyo isiyofundisha kitu.

Kifaa chenyewe hakitishi. Ni kibao chenye kuta mbili zilizotobolewa, kipande cha spoki ya baiskeli kinachopita katika vitundu hivyo, kitanzi cha uzi wa mzigo kilichovikwa kwenye spoki katikati ya kuta, na mota ndogo, ya aina ile yenye uzito wa gramu 9 hivi, inayoichomoa spoki pale inapoamriwa. Spoki ikitoka, kitanzi huanguka. Mwanafunzi atakayeitegemeza spoki upande mmoja tu ataiona inapinda na kukwama, na mota inanguruma bure. Akiitegemeza pande zote mbili, uzito utabebwa na kuta, nayo mota itabakiwa na kazi ya kushinda msuguano peke yake. Msuguano huo pengine amekwisha uandika daftarini mara nyingi. Hajapata kupambana nao. Tena hapana budi aamue mapema kwamba betri ya mota ikiisha, mzigo ubaki umefungwa.

Hesabu nazo zipo. Kitu kizito kikiachiwa kutoka mita 20 hufika chini kwa sekunde 2 hivi, kikiwa na mwendo wa karibu kilomita 72 kwa saa. Ndege ikiwa inakwenda mbele mita 5 kwa sekunde, kitu hicho kitaangukia mita 10 mbele ya pale kilipoachiwa. Darasa na liweke alama uwanjani kabla ya kudondosha, na mtu yeyote asikaribie alama hiyo.

Watasema wengine kwamba zipo shule zisizo na maabara, sembuse ndege. Hoja hiyo ina uzito, lakini kifaa hakihitaji ndege mpaka siku ya mwisho. Chaweza kupandishwa kwa kamba kwenye tawi la mwembe, kikajaribiwa, kikaharibika na kutengenezwa upya muhula mzima. Ndege yaweza kuazimwa kwa siku moja, pamoja na mrushaji wake, kutoka chuo au idara inayoitumia kupima ardhi. Unguja na Pemba zilianza kupigwa picha kwa ndege za namna hiyo mwaka 2016, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kikishiriki. Ujuzi umo nchini.

Kinachobaki ni ruhusa. Ndege hizi hazirushwi Tanzania bila ya kibali, na nia ya kudondosha kitu yafaa itajwe waziwazi katika maombi. Mkuu wa shule aandike barua mwanzoni mwa muhula, si wiki ya maonyesho. Na ofisa anayeipokea asiiache ilale ndani ya faili hadi wanafunzi wamekwisha maliza mitihani na kutawanyika.